Namba Tatu za Daraja la Chini

Maneno yalimfikia Jumatatu asubuhi, mlangoni kwa zahanati, akiwa na furushi la mashuka kichwani. Dereva wa lori la mboga, aliyeteremka kutoka juu kuleta kabichi, alikuwa ameegemea geti akipiga soga na mlinzi. Huko juu, alisema, watu wamechachamaa. Wanasema msichana anayesoma mto kwenye daraja la chini anapika namba. Tena wanasema, kama watu wa chini wanayataka maji kiasi hicho, watapewa, na watapewa mpaka wakinai.

Mlinzi alicheka. Mama mwenye furushi hakucheka. Aliingia ndani, akahesabiwa mashuka yake safi, akaondoka bila kuchukua machafu, ikabidi aitwe arudi. Huyo msichana wa daraja la chini alikuwa bintiye, kitinda mimba wake. Na namba zilikuwa zimepikwa kweli. Aliyemtuma azipike ni yeye mama mtu.

Mto wenyewe ulikuwa mmoja na wenye kuutegemea walikuwa wengi. Juu kabisa kulikuwa na mashamba ya mboga na bwawa la akiba lenye lango la chuma. Katikati kulikuwa na mji wenye ofisi ya bonde, na humo ndimo maji yalimogawanywa kwenye karatasi kabla hayajagawanywa mtoni. Chini, mkiani, ndiko walikokaa mama huyu na bintiye. Wakati wa mvua hakuna aliyemkumbuka mwenzake. Kiangazi kikiingia, kila mtu alikuwa na siku yake. Siku ya watu wa chini ilianza Alhamisi mchana ikaisha Ijumaa jioni. Siku nyingine zote mto huku chini ulikuwa mchanga mtupu, isipokuwa dimbwi moja chini ya daraja, ambamo mashine ya mtaa ilivuta maji ya bomba.

Kwenye nguzo ya daraja palipigiliwa ubao mrefu wenye mistari na namba. Hicho ndicho kipimo. Kila asubuhi binti alishuka ukingoni, akaangalia maji ya dimbwi yameishia mstari gani, akaandika kwenye daftari, akatuma namba kwa simu ofisini. Kwenye ishirini palikuwa na alama nyekundu. Maji yakishuka chini ya hapo mashine huvuta tope. Kwa hiyo ofisi ilikuwa na sheria: namba ikiwa chini ya ishirini asubuhi tatu mfululizo, watu wa chini hufunguliwa maji ya ziada kutoka bwawani. Watu waliyaita maji ya huruma. Kwa kiangazi kimoja yalitolewa mara moja tu, kwa sababu akiba ya bwawani ilitosha mara moja tu.

Sasa Jumamosi iliyotangulia kipimo kilikuwa kinasema ishirini na saba. Bomba la uani lilitoa maji saa moja kwa siku, nayo yana kutu, na mashuka ya zahanati yalikuwa yamejaa beseni tatu. Mama alimwambia bintiye maneno ambayo baadaye alitamani angeyameza na ulimi wake.

"Ishirini na saba na kumi na tisa zinapishana nini? Kiganja tu. Huyo bwana wa ofisini hayuko hapa, wewe ndiye unayeona tunavyoteseka. Andika kumi na tisa."

Binti alikataa. Akasema kipimo si cha kuonea huruma. Mama akanuna mchana kutwa, akafua kwa kugongagonga beseni, kila beseni likigongwa binti anajua linamgongea nani. Jioni binti akaandika kumi na tisa, akaituma kwa kuchelewa. Jumapili kipimo kilisema ishirini na sita, akaandika kumi na nane. Jumatatu ishirini na tano, akaandika kumi na nane tena, kwa sababu mtu akishaanza hawezi kuupandisha mto bila mvua.

Walijiambia kwamba ofisi haina haraka. Mara ya mwisho, miaka miwili nyuma, maji ya huruma yalichukua wiki nzima ya barua na vikao. Kwa hesabu zao yangekuja na zamu ya Alhamisi, mto ukajaa zaidi kidogo, mambo yakaisha.

Ndiyo maana maneno ya yule dereva hayakumtoka mama. Watapewa mpaka wakinai. Alifua huku anayasikia. Alianika huku anayasikia. Aligeuka mara mbili kuangalia barabara inayotoka juu, kana kwamba mtu anaweza kuyaona maji yakija kwa barabara. Alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengine. Wengine wangeuliza kama ni kweli msichana anapika namba. Yeye hakuwa na la kuuliza.

Binti aliporudi mchana alimsimulia kwa sauti ya chini, jikoni, mlango umefungwa. Binti akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulaumu. Alisema tu kwamba kama wamejua huko juu, basi ofisi imekwisha jua.

Saa moja jioni simu ya binti ikaita. Iliwaka juu ya meza, ikawa inatambaa kwa mtetemo kuelekea ukingoni. Ilikuwa namba ya yule wanayemwita Bwana Mgao, mpangaji wa maji wa ofisi ya bonde, mtu wa maneno machache asiyepiga simu bila jambo.

"Amejua," binti alisema.

"Usipokee."

"Mama, kazi yangu ni kupokea."

"Upokee useme nini? Akikuuliza leo kipimo kimesema ngapi, utamjibu nini? Acha. Kesho kichwa kikitulia utampigia wewe."

Simu ikaita mara ya pili. Ikaita mara ya tatu. Ilipotaka kuanza ya nne mama aliichukua mwenyewe, akaizima, akaifungia kabatini chini ya mashuka yaliyokunjwa. Wakaketi kula. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa chumba cha uani, alipita kuomba kiberiti, akawaangalia, akauliza nani kafa. Wakasema hakuna. Akasema basi wachangamke, maana sura zile zinaweza kumleta huyo wa kufa.

Huyu wifi alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono migumu. Siku zisizo za zamu alikuwa akichimba maji mchangani, yeye na jirani yao, mke wa fundi baiskeli. Walikuwa na shimo lao kupita daraja, baada ya kona ya mto, mwendo wa dakika tano ukikimbia. Kiangazi kile shimo lilikwisha fika urefu wa watu wawili. Mmoja anashuka na kopo na ndoo, mwingine anabaki juu na kamba. Mashimo kama hayo yalikuwa mengi, na kila mtu alijua hatari yake. Kwa hiyo darajani palining'inizwa kipande cha reli. Lango likifunguliwa siku isiyo yake, ofisi humpigia simu msoma kipimo, msoma kipimo hupiga chuma, na walio shimoni hutoka. Kazi ya simu ile ilikuwa hiyo pia. Jioni ile mama hakuikumbuka kabisa. Alikumbuka daftari tu.

Jumanne kulikucha vizuri, anga nyeupe, hakuna upepo. Binti alitoka mapema kwenda kusoma mto. Aliapa kwamba leo ataandika kilichopo. Simu ilibaki kabatini, kwa kuwa ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mama, na mama alisema iwashwe baada ya chai, si kabla.

Wifi akaja kuchukua ndoo.

"Nipe na zako mbili za bluu," alisema. "Mashuka yako wifi yanaoga kuliko mimi. Huko zahanati wagonjwa wanalala pasafi, mimi mzima nanuka moshi."

"Usiende leo."

"Kwa nini nisiende?"

Mama alitafuta cha kusema. Kweli ilikuwa mdomoni, lakini kweli hiyo ilikuwa na jina la mwanawe ndani yake, na wifi hakuwahi kukaa na neno kutoka asubuhi mpaka mchana.

"Basi tu. Pumzika."

"Basi tu ni ugonjwa gani huo? Nikikawia mjue nimepata mchumba huko chini." Akazichukua ndoo za bluu, akaondoka huku anaimba puani.

Kwa hiyo ndoo alizokwenda kujaza zilikuwa za mama huyu, na maji aliyokwenda kuyachimba yalikuwa ya mashuka yake.

Binti alirudi na ishirini na nne. Wakanywa chai. Chai ikaisha, mama akasema kwanza tuanike haya. Hayo nayo yakaisha, isipokuwa shuka moja. Saa tatu na nusu imepita binti akanyoosha mkono, na mama akafungua kabati.

Simu ilipowaka ilinyamaza kidogo. Kisha ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine, mpaka ikawa inatetemeka mfululizo mkononi. Binti alisoma wa kwanza, uso wote ukamshuka. Akampa mama. Mama aliishia darasa la saba, husoma taratibu kwa kidole, lakini huo aliusoma mara moja.

Jana jioni: *Nakupigia hupokei. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunafungua maji ya huruma. Andaa watu.*

Leo saa kumi na mbili: *Lango limefunguliwa. Piga chuma. Toa watu mtoni. Jibu.*

Leo saa moja: *Jibu.*

Leo saa mbili: *Mwenyekiti wenu wa mtaa yuko safarini, simu haipatikani. Nakutegemea wewe. Umepiga chuma?*

Alikuwa anapiga simu kuwaokoa. Hakuwa anauliza habari za daftari.

"Maji hutumia saa ngapi mpaka hapa?" mama aliuliza, ingawa alijua.

"Nne."

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi na nane.

Walikimbia. Binti alishika njia ya darajani. Mama alishika njia ya ukingoni, kanga inamfunguka, shuka bichi alilokuwa analikamua limebaki begani na hajui limefikaje huko. Kichwani kulikuwa na kitu kimoja tu, ndoo mbili za bluu.

Chuma kilianza kulia akiwa hajafika kona. Binti alikigonga kama mtu anayebomoa nyumba. Mashimoni watu walianza kuchomoza, mmoja hapa, mwingine pale, wanapangusa macho, wanaulizana. Jumanne? Nani anachezea chuma Jumanne? Mzee mmoja alisimama katikati ya mchanga amejishika kiuno, anatukana. Mama alimsukuma kuelekea ukingoni, akaendelea.

Mke wa fundi baiskeli alikuwa amepiga magoti mdomoni mwa shimo, kamba mkononi, anabishana na shimo.

"Anasema anamalizia ndoo," alimwambia mama. "Anasema leo si Alhamisi, ni mtu tu anacheza."

Mama alilala kifudifudi, akatia kichwa shimoni. Kulikuwa na baridi na harufu ya chuma. Chini kabisa aliona kitambaa cha kichwa na ndoo ya bluu.

"Wifi, toka. Maji yamefunguliwa."

"Nani kafungua? Zamu ya nani leo?"

"Toka kwanza."

"Nimebakiza makopo matatu tu, wifi. Haya ni yako."

Hapo mama akasema alichokataa kukisema asubuhi.

"Tumedanganya kipimo. Mimi ndiye niliyemwambia mtoto. Maji ni ya kweli, yanakuja, toka."

Huko chini kopo likaanguka, na wifi akaanza kupanda.

Watu hudhani maji ya aina hiyo huja kama ukuta na kelele. Yale hayakuja hivyo. Yalitokea kwenye kona kama ulimi wa kahawia, mwembamba, umebeba majani makavu na povu chafu mbele yake, unaramba mchanga kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Mtu angeweza kuyatazama akayadharau. Lakini yalipogusa shimo la kwanza, lililokuwa tupu, shimo lile lilimeza mara moja, likatoa sauti kama mtu anayebeua, halafu halikuwepo tena. Palikuwa pamesawazika.

Wifi alikuwa amefika nusu. Vidato walivyochonga kwenye kuta vilianza kulainika, maji yakawa yanachuruzika kutoka ndani ya mchanga kabla hata ya ule ulimi kufika. Upande mmoja ukashuka wote. Ulimfunika mpaka kifuani, ukambana ukutani. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo mama hakuwahi kuisikia kutoka kwake, kwamba hawezi kuvuta pumzi.

Kamba ya ndoo ilikuwa nyembamba, ingemkata. Mama akavuta lile shuka begani, akalisokota, akalishusha. Wifi akapitisha mkono mmoja, akajizungusha kwapani. Walivuta wawili. Hakusogea. Wakavuta tena. Ulimi wa maji ulifika kwenye magoti yao, wa uvuguvugu, wenye harufu ya mbolea ya mashamba ya juu, ukaanza kumwagika shimoni juu ya kichwa chake. Mama aliona maji yanamfunika kidevu, kisha mdomo. Aliona macho yamekodoka yanamwangalia yeye, si mtu mwingine.

Maji yale yale ndiyo yaliyoulegeza mchanga. Katika kuvuta mara ya nne kitu kililia ndani ya mwili wa wifi, kama kijiti kibichi kinapovunjwa, naye akatoka. Walimburuta kwa shuka mpaka ukingoni. Walipogeuka nyuma shimo halikuwepo, na ndoo za bluu hazikuwepo, na mto ulikuwa mpana, mzuri, unapita umetulia kama uliokuwa hapo mwaka mzima.

Wifi alivunjika nyonga. Alikohoa mchanga siku mbili. Walimlaza zahanati ileile, kwenye mashuka ambayo mama alikuwa ameyafua mwenyewe, na watu wakawa wanakuja kumtazama. Kila aliyekuja aliwashukuru. Walimshukuru binti kwa kupiga chuma. Walimshukuru mama kwa kukimbia. Mke wa fundi baiskeli ama hakusikia kilichosemwa shimoni, ama alisikia akakihifadhi. Mama alisimama pembeni ya kitanda, anaitikia, na kila shukrani ilimchoma kama maji ya moto. Aliogopa zaidi siku hizo kuliko siku ya mto, kwa sababu siku ya mto alijua anaogopa nini.

Siku ya tatu wageni walipoisha, wifi alimwambia afunge mlango.

"Asubuhi ile uliniambia nisiende. Ulikuwa unajua."

"Sikujua. Nilikuwa na hofu."

"Ungenipa sababu nisingekwenda. Mimi mbishi, lakini si mwendawazimu." Akatazama dari. "Nimekaa na kaka yangu, nimekaa na wewe, miaka kumi na minne. Ukaona nitakutangaza."

"Nilimwogopea mtoto."

"Na mimi nilikuwa nani, kopo?"

Wifi hakusubiri jibu. Aligeuzia uso ukutani. Wanaongea mpaka leo, wanasalimiana, chumvi wanaombana. Utani ndio haukurudi.

Binti alikwenda mwenyewe ofisini na daftari. Bwana Mgao hakufoka, na afadhali angefoka. Alifungua karatasi kubwa, akamwonyesha mstari wa bwawa la akiba unavyoshuka siku hadi siku, na pale Jumanne unapoanguka kama mtu aliyeteleza. Akamwambia akiba ya watu wa chini imekwisha tumika. Mvua iko mbali miezi miwili. Kisha akachukua kalamu yake, akazikata zile namba tatu kwa mstari mmoja mmoja, na pembeni ya kila moja akamwomba aandike namba ya kweli. Ishirini na saba. Ishirini na sita. Ishirini na tano. Alipomaliza akachukua daftari, hakumrudishia.

Sasa msoma mto ni mwanamume kutoka mji wa katikati. Ni mtu makini. Leo asubuhi ameandika kumi na tisa, na jana aliandika kumi na tisa, na zote mbili ni za kweli. Kesho atafikisha ya tatu. Atatuma, na ofisi itaipokea, na hakuna kitakachofunguliwa. Bomba la uani lilianza kutoa tope juzi. Watu wameanza kuchimba tena mchangani, na safari hii wanakwenda chini zaidi. Mama huyu kila asubuhi hutoka nje akasikiliza chuma, halafu hukumbuka kwamba hakuna cha kukiliza.

Kwa hiyo wewe unayeishi kando ya mto wa zamu, na hasa wewe mwenye mtoto ofisini au darajani, jiepushe na haya:

Usimwambie msoma kipimo aandike nini, hata kama ni mwanao, hata kama kimebaki kiganja tu.

Usizime simu ya kazi ya mtu kwa sababu unaogopa atakachoulizwa.

Usidhani ofisi itachelewa kwa kuwa zamani ilichelewa.

Usiingie shimo la mchanga lenye kina kuliko kimo chako, na usishuke bila mtu wa juu mwenye kamba nene.

Chuma kikilia usimalizie ndoo. Usiulize ni siku gani.

Usisimame mtoni kuyatazama maji yanayokuja polepole.

Usimwambie ndugu yako asiende mahali ukamficha sababu.

Usiombe maji ya huruma kabla huruma haijahitajika.